Mawaridi Yetu na Njia ya Mkato

Wasomaji wa gazeti letu, muhula huu nimeona heri niandike juu ya maua. Najua wako watakaocheka. Katika bweni letu mvulana akionekana ameshika ua huulizwa anampelekea nani, nami nimeulizwa hivyo mara nyingi tangu nilipojiunga na Chama cha Bustani nikiwa kidato cha pili. Basi na wacheke. Wakimaliza kucheka nawaomba wasome mpaka mwisho, kwa maana jambo nitakalolieleza lilimwangukia mtu mzima asiye na kosa. Mimi nilikuwapo, niliujua ukweli, na nilinyamaza.

Wote mliokuwapo Siku ya Kutoa Zawadi mwaka huu mnakumbuka hali ya meza za wageni. Mawaridi yalikuwa yameinamisha vichwa, mengine petali zake zimepata madoa ya kahawia, na maji katika majagi yalikuwa yameanza kunuka kabla hotuba ya kwanza haijakwisha. Wageni wengi walitazama kando kwa adabu. Lakini mgeni mmoja mwenye cheo alisema, na sisi tuliokuwa tukipanga viti tulimsikia vizuri, kwamba mtunza bustani wa shule hii amekwisha kuzeeka, mawaridi yake hayana nguvu tena, afadhali apumzishwe. Mzee wetu alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, kofia mkononi.

Nataka kusema waziwazi kwamba mawaridi yale hayakuwa dhaifu. Yalipandwa vizuri, yakapaliliwa vizuri, yakatiwa maji wakati wote wa kiangazi. Yaliharibiwa na sisi wanachama 8 wa Chama cha Bustani katika muda wa siku moja, kwa kutafuta njia ya mkato. Na maoni yangu, ambayo ndiyo sababu ya kuandika, ni haya: katika kazi ya kutengeneza maua yaliyokatwa, kila hatua unayoiruka ili uokoe wakati hukudai wakati huo baadaye pamoja na faida yake, na mara nyingi anayelipa deni si wewe uliyekopa.

Jumatano ya wiki ile Mzee alitukusanya karibu na ghala ya majembe akatueleza kazi. Yeye mwenyewe Ijumaa hangekuwapo, maana alikuwa na ruhusa ya kumpeleka mkewe hospitali. Alisema, "Alhamisi alasiri osheni ndoo zote kwa sabuni na maji ya moto, mzisuuze, mzianike. Ijumaa alfajiri kateni maua kabla jua halijapanda, na kila ua liingie majini papo hapo bustanini. Yawekeni kivulini penye baridi yanywe maji mpaka jioni. Usiku ndipo mtayapanga." Akaturudishia maneno hayo mara mbili. Sisi tukaitika, "Ndiyo, Mzee," kama watu walioelewa.

Alhamisi alasiri kulikuwa na mechi ya mabweni. Ndoo hazikuoshwa. Ijumaa alfajiri kulikuwa na baridi kali, tena tulikuwa na mtihani wa hisabati saa mbili, basi tukaafikiana kwamba maua yatakatwa baadaye. Tuliyakata saa 8 mchana, jua likiwa utosini. Tulikata mawaridi 120 na kanesheni zote zilizokuwa kando ya ukuta. Kazi yote, toka kukata mpaka kuyatia ndani, ilikwisha kwa muda mfupi sana, nasi tukajisifu. Mwenzetu mmoja alisema kwamba Mzee hupenda kuifanya kazi ionekane ngumu ili asikose kazi. Tulicheka. Maneno hayo yananiuma hata leo.

Sasa nitaeleza makosa yetu moja moja, maana nimegundua kwamba wengi huyafanya, si katika shule tu, bali hata nyumbani, kanisani na katika maarusi.

Kosa la kwanza ni kukata wakati wa jua. Tumefundishwa katika biolojia kwamba mmea huvuta maji toka mizizini kwa mirija myembamba iliyo ndani ya bua, na kwamba majani huyatoa maji hayo hewani kama mvuke. Mchana wa jua kali majani hutoa maji mengi, hata ua lililo bado mtini huwa limepungukiwa. Alfajiri ndipo mmea umejaa maji, maana usiku kucha umekunywa na haukupoteza mengi. Basi anayekata saa 8 mchana anakata ua lenye kiu tayari. Sisi tulijua haya, tena tuliyajibu vizuri katika mtihani wa muhula uliopita. Lakini kujua jambo kwa ajili ya mtihani na kulijua kwa ajili ya kazi ni vitu viwili mbalimbali.

Kosa la pili ni kuyaacha maua bila maji. Tuliyalaza katika toroli, tukaenda kuoga, tukarudi baada ya muda wa saa nzima. Bua likikatwa haliachi kuvuta. Likiwa ndani ya maji huvuta maji, na likiwa nje huvuta hewa. Hewa ile huingia katika mirija na kuiziba, kama vile povu la hewa linavyozuia maji katika mpira wa kumwagilia. Baadaye ukilitia ua katika ndoo iliyojaa maji litakaa ndani ya maji na kufa kwa kiu. Ndiyo sababu ua lililokaa nje lazima likatwe tena ncha yake, kipande cha sentimita 2 au 3, kisha litiwe majini mara moja. Sisi hatukukata tena. Tuliona ni kazi ya kurudia.

Kosa la tatu ni ndoo chafu. Ndoo zetu zilikuwa na utelezi ndani, uliobaki toka maua ya muhula uliopita. Utelezi ule si uchafu wa kawaida tu, ni makao ya bakteria. Ukitia maji na maua, bakteria huongezeka kwa haraka, huingia katika ncha za mabua, na kuziba mirija ile ile ambayo hewa haikuiziba. Kuosha ndoo 6 kungetuchukua dakika 40 hivi. Mtu asiyekubali kunywa maji katika kikombe chenye utelezi asilinyweshe ua katika ndoo ya namna hiyo.

Kosa la nne ni kuacha majani ya chini. Jani lililo ndani ya maji halina faida yoyote kwa ua. Huoza, nayo maji yakageuka kuwa chakula cha bakteria niliowataja. Majani yote yatakayozama yapaswa kuondolewa kwa mkono, kwa uangalifu, bila kuchubua ganda la bua. Tulikuwa na maua zaidi ya 120, tukaona kuondoa majani ni kazi ya mpaka usiku. Basi tukayazamisha pamoja na majani yake.

Kosa la tano ndilo tulilofanya kwa furaha kubwa, maana lilionekana la kitaalamu. Mwenzetu mmoja alisema amesikia kwamba bua gumu la waridi likipondwa ncha yake kwa jiwe hunywa maji upesi. Tukatafuta mawe, tukaponda. Kumbe ni kinyume. Ukiponda bua unaivunja mirija, na nyama ya mmea iliyopondeka huoza upesi na kuwakaribisha bakteria. Linalotakiwa ni kisu kikali kinachokata mara moja, mshazari, ili ncha isilale sawasawa chini ya ndoo ikazibika. Hata makasi ya darasani tuliyokatia hayakufaa, maana hubana bua kabla ya kulikata. Kisu cha Mzee kilikuwa ghalani, lakini ufunguo ulikuwa kwa karani, na ofisi ya karani ilikuwa mbali kidogo.

Kosa la sita ni mahali tulipoyaweka. Mzee alisema penye kivuli na baridi. Chumba cha chini ya ukumbi kina baridi, lakini lazima kifagiliwe kwanza. Ghala ya jikoni ilikuwa karibu na imefagiliwa, na ndani yake mlikuwa na mikungu ya ndizi mbivu kwa ajili ya wageni. Hatukujua kwamba matunda yanayoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo ndiyo inayoivisha matunda mengine yaliyo karibu. Gesi hiyo huyaambia maua nayo kwamba wakati wao umekwisha. Kanesheni ni dhaifu sana mbele yake. Asubuhi tulizikuta zimekunja petali zake kwa ndani kama zilizolala, na hazikuamka tena.

Kosa la saba na la mwisho ni kunyunyiza maji juu ya petali. Usiku tulipoona mawaridi yameanza kulegea, badala ya kutafuta sababu tuliyanyunyizia maji yakang'aa kama yana umande. Tukafunga mlango tukaenda kulala. Lakini ua halinywi kwa petali. Petali iliyolowa usiku kucha mahali pasipopita hewa huota ukungu wa kijivu, na alama zake za kwanza ni yale madoa ya kahawia mliyoyaona.

Asubuhi ya Jumamosi Mzee alifika saa 1. Alisimama mlangoni mwa ghala akatazama. Hakuuliza neno. Alichagua mawaridi 40 yaliyokuwa na nafuu, akatoa kisu chake, akakata juu ya sehemu tuliyoiponda, akaondoa majani ya chini, akayalaza yote, bua na kichwa, ndani ya karai kubwa la kufulia lenye maji vuguvugu. Mengine alituambia tuyapange mezani hivyo hivyo, kwa kuwa naibu wa mwalimu mkuu hakutaka meza ziwe tupu. Wageni walianza kufika saa 3, na maneno ya yule mgeni yalisemwa muda mfupi baadaye.

Saa 6 mchana Mzee aliyatoa mawaridi yake katika karai. Kati ya yale 40, mawaridi 31 yalikuwa yameinua vichwa. Yaliwekwa katika meza ya chakula na watu wakayasifu, lakini mgeni yule alikuwa amekwisha kusema aliyoyasema, na hakuna aliyemkumbusha. Nawaomba mfikiri juu ya mawaridi hayo 31. Yalitoka bustani ile ile, siku ile ile, mti ule ule. Kama udhaifu ulikuwa wa mkulima, maji ya karai yasingeyainua.

Wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula nilikwenda nyumbani, karibu na Ziwa Naivasha. Mama yangu amefanya kazi miaka mingi katika nyumba ya kufungashia maua, na kilimo hiki kimekuwa katika pande hizo tangu miaka ya 1970. Nilimweleza habari yote. Kwanza alicheka, kisha akaacha kucheka nilipofika kwa Mzee. Akaniuliza, "Mwanangu, toka bustani yenu mpaka ukumbini ni mbali kiasi gani?" Nikamjibu kwamba si zaidi ya hatua 200.

Hapo akanieleza safari ya maua yao. Waridi hukatwa likiwa bado halijafunguka sana, wala halijafumba mno, kwa maana likikatwa changa mno shingo yake hupinda na halichanui tena. Hutiwa mara moja katika ndoo iliyooshwa, yenye maji safi yaliyotiwa dawa ya kuzuia bakteria. Hupelekwa chumba cha baridi, ambacho joto lake huwa nyuzi 2 mpaka 4 hivi, likanywa mpaka likashiba. Ndipo wanawake kama Mama hulichagua na kulipima urefu, hapa ya sentimita 40, hapa ya 50, hapa ya 60, wakayafunga mafungu. Usiku lori lenye baridi huyachukua mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na ndege huyapeleka Ulaya. Mengi huenda Uholanzi, kwenye mnada mkubwa wa maua wa Aalsmeer karibu na Amsterdam. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 6,000. Baada ya safari hiyo yote waridi hufika mezani kwa mtu, nalo huweza kukaa wiki nzima au zaidi likiwa zima.

Nikamwuliza Mama swali ambalo huenda hata wewe msomaji unalo. Katika ndege maua hulala ndani ya makatoni bila maji. Mbona hayafi kama yetu yaliyolala katika toroli? Alijibu kwamba yao yamekwisha kunywa yakashiba kabla ya safari, na tena njia nzima hayatoki katika baridi. Yakifika hukatwa ncha upya na kunyweshwa tena. "Sisi hatuna uganga wowote," akasema. "Tunaosha ndoo." Waridi la Naivasha lavuka bahari na jangwa likafika salama, na letu limekufa katika hatua 200.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya mashamba makubwa yenye vyumba vya baridi na dawa, na kwamba shule ya serikali haina vitu hivyo. Nami nakubali kwamba hatuna. Lakini hebu tazameni tena makosa 7 niliyoyataja. Ni lipi katika hayo lililohitaji fedha? Alfajiri ni bure. Kivuli ni bure. Sabuni ilikuwapo, kisu kilikuwapo, na chumba cha chini ya ukumbi kilihitaji ufagio tu. Tulichokosa ni subira.

Wengine watasema kwamba mwanafunzi wa kidato cha nne hana wakati, mtihani wa taifa u mlangoni. Hili ndilo jibu nililolisema mimi mwenyewe siku ile, basi na nilipime kwa hesabu. Kuosha ndoo, kukata alfajiri, kuondoa majani na kukata ncha upya kungetuchukua, kwa watu 8, kama saa 3 kwa jumla. Njia ya mkato ilituchukua saa moja, ukiondoa ule muda wa kuoga. Kwa hiyo tuliokoa saa 2. Jumamosi tulikimbia huku na huko toka saa 1 asubuhi mpaka saa 6 mchana, tukakosa chai, tukakosa kuona wenzetu wakipewa zawadi. Hizo ni saa 5. Tena mwaridi ukikatwa hauchanui kesho yake. Huchukua kama wiki 6 mpaka 8 kutoa maua mengine, na Mzee hubeba maji siku zote hizo. Kama sisi tungekuwa wafanyabiashara, tungekuwa tumefilisika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliukwepa ufa wa dakika 40.

Lakini hesabu kubwa si ya saa. Mzee wetu hana kazi ya kudumu. Mapatano yake hutazamwa upya kila mwisho wa mwaka, na maneno ya mgeni mwenye cheo si maneno ya upepo. Mkewe ni mgonjwa. Sisi 8 tulijua haya yote, na Jumamosi ile tulipokutana nyuma ya bweni tulipatana kwamba hatutasema kitu, maana wageni wamekwisha kwenda na mambo yatasahauliwa. Huo nao ulikuwa njia ya mkato, tena mbaya kuliko zote. Wazee wetu walisema njia ya mwongo ni fupi. Zamani nilidhani maana yake ni kwamba mwongo hukamatwa upesi. Siku hizi naona ina maana nyingine pia, kwamba njia ile hutupendeza kwa sababu ya ufupi wake.

Nilikaa kimya siku 9. Nilipotoka nyumbani baada ya mapumziko nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekwisha kwenda kwa Mzee. Nikasema bado. Akasema, "Basi umekosea mlango. Nenda kwanza kwake."

Nilimkuta Mzee akipogoa mawaridi. Nikampa shikamoo, nikaanza kueleza, na kabla sijafika mbali akanikatiza. "Nilijua tangu nilipoona bua la kwanza limepondwa, kijana. Nilikuwa nangoja mje." Nikamwuliza kwa nini hakujitetea mbele ya yule mgeni. Akasema, "Ningewataja ninyi mbele ya wazazi wenu?" Sikuwa na la kujibu. Akanionyesha ndoo zilizokuwa kando ya ghala, akasema maji ya moto yako jikoni. Nikaosha ndoo zote 6, nikazianika. Hakusema tena neno juu ya jambo lile, wala mimi.

Baadaye tuliandika barua kwa bodi ya shule kueleza kwamba maua yaliharibiwa na wanafunzi na si na mtunza bustani. Katika sisi 8, waliotia sahihi ni 6. Wawili walikataa kwa kuogopa wazazi wao, nami siwalaumu sana, maana hata mimi niliogopa siku 9. Mwalimu Mkuu ameipeleka barua hiyo. Bodi itakutana mwisho wa mwaka, wakati ambapo sisi wa kidato cha nne tutakuwa tumekwisha kuondoka. Kwa hiyo naandika hapa ili walio nyuma yetu wajue, na ili mzazi yeyote aliyeketi katika meza zile siku ile, likimfikia gazeti hili, aujue ukweli na kuusema mahali panapohusika.

Kwenu ndugu zangu wa kidato cha tatu, mnaokipokea Chama cha Bustani, nina maneno machache. Ndoo huoshwa siku iliyotangulia, kuwe na mechi au kusiwe. Maua hukatwa alfajiri, kwa kisu kikali, nayo huingia majini papo hapo. Majani ya chini huondolewa. Ncha hukatwa upya kabla ya kupanga, wala hakuna jiwe katika kazi hii. Maua yapewe saa kadha za kunywa mahali penye baridi, mbali na matunda, na maji yabadilishwe kila siku. Petali zisinyunyiziwe maji. Mkiona kazi ni nyingi, kateni maua machache. Mawaridi 30 yaliyosimama yapendeza kuliko 120 yaliyolala.

Na mkiikosea kazi, kama sisi tulivyoikosea, semeni siku ile ile. Ufunguo wa ghala ya majembe siku hizi umewekwa kwa kiranja wa chama, kwa hiyo hakuna atakayesema kwamba ofisi ya karani ilikuwa mbali.